Mtoto Wangu Hajawahi Kusafiri Afrika

"Mama, tulia kwanza," mwenye sekretaria akaniambia. "Mashine iliuliza maswali, mi nikajibu. Hakuna mahali nilidanganya."

Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, katika sekretaria, kile kibanda cha Baraka ambako watu huchapisha barua, hupiga fotokopi na kuacha simu zao zichajiwe kwa umeme wa jua. Mkononi nilishika karatasi aliyokuwa amemchapishia mume wangu. Binti yangu, ambaye hajatimiza miaka miwili, alikuwa hospitali, amepigwa plasta pale walipomtia damu ya baba yake, kwa sababu ya malaria ambayo karatasi ile haikuitaja hata mara moja. Sikuja kugombana. Nilikuja kuuliza jambo moja: ilikuwaje malaria ikakosekana.

"Nionyeshe hayo maswali," nikasema.

Akafungua kompyuta. Ukurasa ulikuwa wa Kifaransa, wa huko kwa Wazungu, na pembeni daktari wa kuchorwa alikuwa anatabasamu kama mtu ambaye hajawahi kuumwa. Akashuka na kidole: umri, joto la mwili, kutapika, vipele, chanjo. Kidole kikasimama.

"Hapa banauliza kama mutoto alisafiri Afrika siku hizi za karibuni. Nikauliza papa yake. Papa yake akasema hapana, mutoto alifika tu Lweba kwa nyanya yake. Lweba haiko mbali. Nikaandika hapana."

Masikio yangu yakaanza kupata moto, maana kwa Wazungu hilo ndilo swali la malaria.

"Na hapa tuko wapi?"

"Hapa? Si Baraka."

"Baraka iko wapi?"

"Fizi."

"Fizi iko wapi? Endelea kupanda."

"Sud-Kivu, mama."

"Panda."

"Kongo."

"Na Kongo iko wapi?"

Alitazama kibodi. Akatazama mabati ya juu. Halafu akasema, "Aah." Akaisema polepole, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka alikoacha funguo.

Ni ile "aah" iliyonimaliza. Angelia, ningemhurumia. Angenitukana, tungetukanana kama majirani wema na jioni tungesalimiana. Lakini mtoto wangu alikaribia kufa, na yeye alikuwa amefurahi kidogo kwa kujifunza jambo la jiografia.

Nilitoka nje, nikashika ubao wake kwa mikono miwili, nikaung'oa. Uliandikwa CONSULTATION INTERNET, JIBU PAPO HAPO, na chini yake mchoraji alikuwa amejaribu kuchora kile chombo ambacho waganga wa hospitali husikilizia moyo, ila kilifanana zaidi na nyoka aliyemeza redio. Msumari mmoja ulinikwaruza kiganja. Nikaokota misumari yote, nikaifunga kwenye pembe ya kitenge, nikajitwika ubao na kuondoka. Waliokuwa wakisubiri simu zao walinipisha njia. Mwanamke mwenye ubao kichwani haulizwi kitu. Watu hudhani anajenga.

Sasa niseme jinsi mtu mzima anavyoweza kupeleka mtoto mwenye homa kwa mpiga fotokopi.

Si kila mtu hapa ana simu ya kuingia mtandaoni, na mwenye nayo mara nyingi hana megabaiti. Mwanzoni watu walimwomba mwenye sekretaria awatafutie mambo ya kawaida: matokeo ya mtihani, matokeo ya mpira, picha ya gauni la kumwonyesha fundi. Siku moja mtu akaomba atafutiwe maumivu ya mgongo. Jibu likaja refu, lina majina ya Kilatini. Mwenye sekretaria akalichapisha kwa rangi, halafu, kwa kuwa mkono wake umezoea, akalipiga muhuri. Muhuri wenyewe ni wa sekretaria, unasema tu jina la kibanda. Lakini kwetu karatasi yenye muhuri ni kitu kingine kabisa. Mtu anaweza kumbishia muganga wa hospitali aliyemshika tumbo kwa mikono yake, asibishie muhuri.

Tangu hapo watu wakaanza kwenda. Kule hakuna sindano, hakuna muuguzi wa kukuuliza kwa nini umechelewa, na unakaa zamu yako ukiongea na watu wanaochaji simu. Unasema ugonjwa wako kwa Kiswahili, yeye anauandika kwa Kifaransa, mashine inajibu kwa Kifaransa, yeye anakurudishia kwa Kiswahili. Njiani humo kote ugonjwa unapoteza vitu na kuokota vingine.

Mchungaji mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alilalamika kwamba anaamka ameloa jasho, hasira ziko karibu na usingizi uko mbali. Mwenye sekretaria akaandika yote hayo, akasahau kuandika kwamba mgonjwa ni mwanamume. Jumapili mchungaji akasimama mbele ya waumini na karatasi yake yenye muhuri, akaomba maombi kwa sababu amepatwa na ménopause, yaani kukoma hedhi. Wanaume wakainamisha vichwa kwa majonzi. Sisi tuliosoma biolojia tulijifunika vitenge usoni, na kwaya yote ya akina mama ilitikisika kama inalia. Tuliomba, lakini. Mtu akiomba maombi, unamwombea.

Na mume wangu ndiye aliyekuwa muumini mkubwa wa kibanda kile. Ni dereva wa pikipiki, mtu mpole, hanywi, hapigi mtu, anaogopa sindano. Mwaka uliopita kichwa kilimuuma mfululizo na mashine ikamwambia huenda ni tumeur, uvimbe ndani ya ubongo. Akarudi nyumbani akagawa vitu. Redio akampa mdogo wake. Akaniambia nikiolewa tena nisiolewe na dereva mwenzake, akamtaja na jina. Nikamtazama vizuri, nikaona alama nyekundu imezunguka paji la uso wake kama shanga.

"Hii kofia ya pikipiki ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ya rafiki. Yangu ilipasuka."

"Rafiki iko na kichwa kiasi gani?"

Ilikuwa kofia ya mtu mwenye kichwa cha mtoto wa shule. Alipoivua kwa siku chache, tumeur ikaisha. Redio haikurudi. Ungefikiri hapo imani ingetikisika, lakini yeye alisema mashine ilikuwa sahihi: ilitambua kwamba shida iko kichwani.

Nilicheka. Nilisimulia sokoni, na soko likacheka. Mimi nilisoma biolojia na kemia mpaka diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, nilijua ni upuuzi, lakini ulikuwa upuuzi wa watu wazima, kila mtu na mwili wake.

Halafu nikapanda Fizi penyewe, ule mji wa juu ulioipa wilaya yetu jina, kununua maharage kwa wakulima wa milimani, kama ninavyofanya kila mara, niyauze Baraka. Nilimwacha mtoto na baba yake. Mvua ikanyesha, lori likazama kwenye matope njiani kurudi, na magari yote yakajipanga nyuma yetu. Simu ilipata mtandao kwa muda mfupi tu. Mume wangu akaniambia mtoto ana homa.

"Mupeleke."

"Nilishamupeleka. Banasema ni virus tu, itaisha yenyewe. Karatasi iko hapa, na muhuri iko. Usiogope, bibi yangu."

Mtandao ukakatika. Nikakaa juu ya magunia yangu nikiamini mtoto amepimwa. Mtu akikwambia amempeleka mtoto, unafikiri kituo cha afya. Hufikiri mahali pa fotokopi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mume wangu amekaa kitandani, mtoto amelala mapajani mwake na kitambaa chenye maji kifuani. Kwa mkono mmoja alishika karatasi, kwa mwingine chupa ya juisi ya tufaha. Karatasi ilisema mtoto anyweshwe maji mengi au juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji, na apumzishwe mbali na televisheni. Televisheni hatuna. Juisi ya tufaha aliitafuta Baraka nzima mpaka akaipata kwenye duka karibu na bandari, imevuka ziwa, imeandikwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mtu huyu alizunguka mji mzima na pikipiki akitafuta tunda ambalo mtoto wake hajawahi kuliona, akapita mbele ya kituo cha afya, na huenda akapita mara nyingi, kwa maana kiko njiani.

Nikamshika mtoto. Alikuwa wa moto hadi miguuni, na viganja vyake vilikuwa vyeupe. Nikageuza kope la chini: jeupe.

"Alipimwa damu wapi?"

"Karatasi haisemi mambo ya damu."

"Mi nauliza: banamuchoma kidole wapi?"

Kabla hajajibu, macho ya mtoto yakapanda juu na mwili ukakakamaa, mikono ikaanza kurukaruka. Sitaandika zaidi kuhusu hilo. Kila mama aliyewahi kuona degedege anajua, na ambaye hajaona, asione.

Tukapanda pikipiki. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mume wangu aliendesha bila kupiga honi kumsalimu mtu.

Hospitali walimtoboa kidole, na kipimo hakikuchukua muda kusema. Malaria, tena ilishakula damu. Muuguzi, mwanamke wa umri wa mama yangu, alikuwa anatafuta mshipa kwenye mkono mdogo kama kidole cha ndizi, na alikuwa anagomba papo hapo. Ananigomba mimi.

"Bamama ba siku hizi. Mutoto anakuwa na moto, we unangojea nini? Unangojea ageuke makaa?"

Nilikuwa na matope ya Fizi hadi magotini. Baba wa mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika kofia yake ya pikipiki, msafi, hakuna anayemwambia kitu. Nikasema mwulize huyu. Mume wangu akatoa karatasi, akampa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mchango kanisani.

Muuguzi akaisoma. "Huyu muganga aliyeandika ni nani?"

"Interneti," mume wangu akasema.

Muuguzi hakucheka na hakugomba. Aliikunja karatasi, akaikunja tena, akainama akaisukuma chini ya mguu wa meza ya dawa iliyokuwa inayumba. Meza ikatulia.

"Angalau imesaidia kitu," akasema, akarudi kwenye mshipa.

Wakasema mtoto aongezewe damu, na ya baba yake ilifaa. Yule mtu anayeogopa sindano alinyoosha mkono, akafumba macho na kunishika kitenge kama mtoto. Niliacha anishike. Nilikuwa nimekasirika mno hata sikuweza kumnyima. Tulikaa hapo tukimtazama mtoto, na mimi sikuwaza tumeur wala mchungaji wala upuuzi wowote. Nilitazama midomo yake tu, kuona kama rangi inarudi. Ikarudi. Aliamka akataka chakula, akapewa uji, akautema, akataka ugali. Nikajua ni yeye.

Mtoto alipolala vizuri, nikaichomoa karatasi chini ya meza, nikaweka kipande cha boksi mahali pake, nikaenda kwa mwenye sekretaria kuuliza lile swali langu moja. Mengine mmeshayasoma.

Kwa hiyo nikafika ofisi ya mtaa na ubao kichwani. Shefu wa mtaa alikuwa na watu wawili wanaogombania mpaka wa choo. Nikautua ubao sakafuni, mbele ya miguu yake.

Akauinamia, akasoma maandishi. "Mama, huu ubao unashitaki ao unashitakiwa?"

"Unashuhudia, papa shefu."

Akawatoa wale wa choo. Akanisikiliza mpaka mwisho, na nilipofika kwenye swali la safari ya Afrika akajifuta uso kwa kiganja, sijui alikuwa anaficha nini.

"Lakini yule kijana anatusaidia," akasema. "Barua zote za hii ofisi ni yeye."

"Aandike barua. Simukatazi barua."

"Sikiliza, mama yangu. Maneno ya mudomo nayapokea kila siku. Ukishatoka hapa, ndugu zake batakuja kuomba musamaha, mimi nitasamehe, we utakasirika, tutarudi palepale. Lete plainte, mashitaka ya kuandikwa na mashine. Ile washauri bangu banaisoma, hainyamazi."

"Niandikishe wapi?"

Shefu akatazama dirishani. Mashine nyingine ya kuchapisha ilikuwa bandarini, na tulijua wote kwamba haina wino tangu lori la wino lizame kwenye matope yaleyale yangu. Akaweka mguu mmoja juu ya ubao, kama mtu anayezuia mbuzi, na kusema utabaki ofisini.

Nikarudi sekretaria.

Mume wangu alikuwa mlangoni, ameketi juu ya pikipiki, alikuja kunitafuta. Ndani, mahali pa kungojea, alikaa msichana mwenye mtoto mgongoni, ametoka vijiji vya kando ya ziwa. Ubao haukuwepo tena, na bado alikuwa amekuja, maana nani Baraka anahitaji ubao kujua kibanda kile? Nikaweka mkono kwenye shingo ya mtoto. Ilikuwa kama sufuria.

"Mudogo wangu, unangojea nini?"

"Zamu yangu, yaya," akasema, akiniita dada mkubwa. "Natafutiwa ugonjwa ya mutoto."

"Yangu alitafutiwa hapa. Iko hospitali."

Sikuhitaji kusema zaidi. Nikatoka nikamwambia mume wangu awapeleke kupima damu, asisimame popote, na akiona duka la juisi afumbe macho. Alivua kofia yake, akampa yule msichana avae, akaondoka kichwa wazi.

Nikakaa mbele ya mwenye sekretaria. "Andika."

"Barua ya nani, mama?"

"Plainte. Juu yako."

Alitazama karatasi nyeupe kwenye mashine. Halafu, na hapa lazima niseme ukweli wake, akasogeza kiti na kuweka vidole tayari. Kazi ni kazi.

"Kwa Kifaransa?"

"Kiswahili. Nataka kila mutu aelewe."

Tukaandika. Alikuwa anachapa kwa vidole viwili, na kila sentensi tuligombana.

"'Amejifanya muganga' ni kali, mama. Tuweke 'inasemekana'."

"Nani anasema inasemekana? Ni mimi nasema. Andika."

Akaandika. Baadaye akasimamisha vidole. "Ile siku mi nilifikiri nasaidia. Papa ya mutoto alikuja anatetemeka."

"Kituo cha afya iko hatua ngapi toka hapa?"

"Hata si mbali."

"Ungemushika mukono."

Akainamisha kichwa, akaendelea kuchapa. Tulipokaribia mwisho akauliza, kwa sauti ndogo, "Na mashine? Yenyewe haishitakiwi?"

Nikafikiri. "Hapana. Mashine iliuliza."

Akachapisha. Karatasi ikatoka ya moto. Akaichukua, akaisoma yote midomo ikitembea, halafu mkono wake, bila yeye kuutuma, ukashika muhuri na kuupiga chini, pale pembeni, vizuri kabisa. Tukatazamana. Nikasema iache hivyo hivyo. Hii ndiyo niliyompelekea shefu wa mtaa, na ndiyo aliyoipokea:

*Kwa Shefu wa Mtaa na washauri wake.*

*Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa mtaa wako. Ninamshitaki mwenye sekretaria kwa sababu amejifanya muganga wakati yeye ni mwandishi wa barua. Mtoto wangu alipokuwa na homa, mshitakiwa huyo aliulizwa na mashine kama mtoto amesafiri Afrika. Alijibu hapana. Mtoto wangu amezaliwa Afrika, amelala Afrika kila siku ya maisha yake, na mbu waliomuuma ni wa hapa hapa mtaani kwako. Kwa jibu hilo malaria iliondolewa kwenye karatasi, na mtoto akabaki na juisi.*

*Ninamshitaki pia mume wangu, mshitakiwa wa pili, ambaye alisema hapana hiyohiyo, naye ni dereva na anajua njia zote.*

*Mashine siishitaki. Iliuliza swali ambalo hakuna mtu mzima wa Baraka aliyefikiri kuuliza, ila ilituuliza kana kwamba sisi tunaishi kwao.*

*Kama ushahidi ninaambatanisha karatasi aliyopewa mume wangu. Alama iliyo katikati yake ni ya mguu wa meza ya hospitali.*

*Siombi alipwe mtu wala afungwe mtu. Ninaomba ubao ulioko ofisini kwako upakwe rangi upya, yule nyoka afutwe, na uandikwe hivi: HAPA NI AFRIKA. MTOTO AKIWA NA HOMA, KWANZA APIMWE DAMU. Urudishwe palepale nilipoung'oa, juu ya mlango wa sekretaria, mshitakiwa wa kwanza apigilie na mshitakiwa wa pili ashike ngazi.*

*Misumari ninayo mimi.*